Mrejesho: feri ya Likoni na watoto

Niliuliza kama feri ya Likoni, Mombasa, yaweza kuwa matembezi ya watoto wadogo. Ahsanteni nyote, tumeenda Jumapili asubuhi, kabla ya msongamano. Ukivuka kwa miguu hulipi kitu, basi tukavuka, tukarudi, watoto wakadai tena! Safari ni dakika chache tu, ila meli ya makontena ilikuwa ikiingia bandari ya Kilindini, feri ikangoja ipite. Mdogo aliachama, rangi ya mabuyu imemjaa hadi kidevuni. Kazi iko kwenye kushuka: watu wanasukumana, na pale chini pana utelezi. Mshike mtoto mkono, si nguo. Baadaye tukapanda hadi bustani ya Mama Ngina, pale ufukweni, kula mihogo ya pilipili. Dada uliyependekeza jahazi la jioni, ile bei kwa familia nzima, mmh, tusubiri mwisho wa mwezi.