Forester ya tabo inakosa pumzi juu baada ya kupandisha busti, ni pampu au injekta?

sg5_fuoni

Assalaam alaykum wakubwa kwa wadogo. Nna Subaru Forester SG5 ya 2003, ile ya 2.0 ya tabo gia za mkono, niliitoa bandarini Malindi hapa Unguja mwaka juzi haijaguswa kitu. Mwezi uliopita jamaa yangu karudi Dubai kaniletea kile kidude cha kukaza kwa mkono cha kupandishia busti, ile presha ya hewa tabo inayosukuma ndani ya injini, tukakifunga wenyewe uani. Ilikuwa inagota 0.9 bar tukaipandisha mpaka 1.2. Chini na kati gari imekuwa nyengine kabisa, tatizo ni juu, gia ya tatu ikishapita rpm 5000 inaanza kukosa pumzi, haikati ghafla, inalegea tu kama mtu anaondoa mguu kidogo kidogo na mie mguu wangu bado uko chini kabisa. Halafu juzi natoka Tunguu nikasikia sauti kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo, mara mbili hivi, nikaachia. Taa ya cheki injini haijawaka.

Nishauliza watu watatu kila mmoja na lake. Wa kwanza kaniambia nitie injekta, vile vidude vinavyomwagia injini mafuta, kubwa za 550 (cc kwa dakika) za mtumba, wa pili kasema nitie pampu ya mafuta ya 255 (lita kwa saa) na regyuleta ya kupandisha presha ya mafuta, wa tatu anasema plagi tu hizo. Pesa ya kufanya vyote sina na gari ndo inayonipeleka kazini na watoto skuli. Nianze na kipi? Injekta zilizomo fundi aliniambia ni 440.

bububu_ej20

Waalaykum salaam. Yakhe kabla hujasoma chochote chengine nenda kairudishe busti kama ilivyokuwa, leo hii. Hizo kokoto ndani ya kopo ndo injini inagonga, na EJ20, hiyo injini yako, haikupi nafasi nyingi. Mie yangu iligonga wiki nzima nikawa nasingizia petroli, siku ya siku ikaanza kutoa moshi wa buluu na silinda moja haina kompresheni, tulipofungua kile kidaraja chembamba baina ya ringi ya kwanza na ya pili kwenye pistoni kimemeguka kipande kama ukucha wa kidole gumba. Ninacho mpaka leo kwenye droo. Injini ya mtumba, kushusha na kupandisha, nilikaa miezi minne napanda daladala.

Sasa sababu. Gari hizi zilipangwa kiwandani kwa petroli ya Japani ile nzuri ya oktani 100, isiyojiwakia kirahisi, huku petroli tunayotia si hiyo, kwa hiyo kabla hujakaza kitu ushakuwa umepungukiwa. Ukiongeza busti unaongeza hewa, hewa ikiongezeka lazima mafuta yaongezeke sawasawa, na mafuta ya ziada kwenye tabo hayaendi kuungua tu, yanapooza mle ndani pia. Yakikosekana joto linapanda, mchanganyiko unajiwakia wenyewe kabla ya wakati wake, ndo kokoto hizo.

Piga hesabu ya injekta uone. Injini ikiwa rpm 6000 inazunguka mara 100 kwa sekunde, kila injekta inapiga mara moja katika mizunguko miwili, yaani ina milisekunde 20 tu za kufunguka, kumwaga na kufunga. Watu wanaojua kutyuni hawapendi ikae wazi zaidi ya asilimia 80 mpaka 85, hapo ni milisekunde 16 mpaka 17, ukizidi hapo haina muda wa kufunga vizuri, inakuwa kama bomba lililoachwa wazi na kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, haiwezi tena kuirekebisha. Kama kweli ni 440, basi nne kwa asilimia 85 zinakupa kama lita 1 na nusu kwa dakika. Chukua ile chupa kubwa ya maji ya lita 1.5 fikiria unaimaliza ndani ya dakika moja, ndo mwisho wako wa mafuta. Kiasi hicho kinatosha farasi 240 hivi kwa injini ya tabo iliyolishwa vizuri, na gari ilitoka Japani na farasi 220. Sasa wewe umetoka 0.9 ukaenda 1.2, unadhani kilichobaki ni kingapi?

fundi_wa_chake

Hesabu ya bububu iko sawa lakini mwanangu usikimbilie kununua injekta. Hujui bado kama hizo ulizonazo zinapata presha inayotakiwa. Mie niko Pemba, na huku tuna kitu nyie wa Unguja hamna, vilima. Gari inakuja na meli kutoka huko mwenyewe anasema inakwenda vizuri, akipanda kilima na abiria wanne anakanyaga mafuta, hapohapo inalegea. Nane katika kumi nilizopima ni presha, wala si injekta.

Presha ya mafuta ya gari hizi ikiwa haina busti wala haivuti hewa, yaani ule mpira mdogo wa regyuleta umeuchomoa na umeuziba, inakaa kama bar 3. Mpira ukiwa mahala pake presha inapanda pamoja na busti, busti ikiwa 0.9 geji ya mafuta inatakiwa isome 3.9. Inapanda kwa sababu injekta inamwagia mafuta ndani ya bomba ambalo lenyewe limejaa hewa yenye presha, kwa hiyo injekta inahisi ile tofauti tu, na tofauti hiyo lazima ibaki bar 3 wakati wote. Kontroli boksi haipimi kitu hichi, inaamini tu kwamba ipo. Tofauti ikishuka ikawa 2.5 injekta yako ya 440 inatoa kama 400, na wewe uliyekuwa na hewa 11.2 kwa mafuta 1 unajikuta kwenye 12.3, yaani mafuta yamekuwa haba, na busti imejaa. Hapo ndo pistoni zinapokwenda.

Fanya hivi. Funga geji kwenye mpira wa mafuta unaoingia kwenye injini, uwe na tiizi nzuri, kile kiungo cha matawi matatu, na klempu nzuri, mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Geji ibandike kwa tepu kioo cha mbele kwa NJE uione ukiwa umekaa ndani. Usithubutu kuingiza mpira wenye petroli ndani ya gari, nimemuona mtu aliyeungua mikono kwa jambo hilo. Halafu mwenzako awe pembeni asome geji zote mbili, ya mafuta na ya busti, wewe angalia njia, gia ya pili inatosha, sehemu isiyo na watu, busti ya kiwandani. Ikigoma kupanda sambamba na busti umeshapata mchawi wako bila kununua kitu.

Na tazama ule mpira mdogo wenyewe wa regyuleta. Joto letu hili linaukausha, unapasuka kwa chini usipopaona, presha inabaki 3 palepale wakati busti inapanda. Ni mpira wa bei ya sahani ya urojo.

mtoto_wa_mazizini

Mie nauliza, kwani si atie tu hiyo regyuleta ya kupandisha presha, presha ikiwa kubwa injekta zilezile zinatoa zaidi, rahisi kuliko yote

fundi_wa_chake

Zinatoa zaidi, kweli, lakini si kwa kiasi unachodhani. Ukitoka bar 3 ukaenda 4 umeongeza presha kwa thuluthi, mafuta yanaongezeka kama asilimia 15 tu. Na upande wa pili pampu inasukuma dhidi ya presha kubwa zaidi, na pampu yoyote kadiri unavyoibana mbele ndivyo inavyotoa kidogo na kula umeme mwingi. Pampu ya kijana huyu ina miaka zaidi ya 20, bado mnataka kuipandisha mlima na gunia mgongoni? Na kontroli boksi haina habari kama presha imebadilishwa, itakuwa inamwaga mafuta mengi hata gari ikiwa imesimama kwenye taa.

dada_wa_spea

Kaka sg5 niongeze kwa upande wetu wa dukani. Kuhusu injekta za 550, tafadhali usizitie bila mtu wa kuirekebisha mapu ya kontroli boksi, yaani hesabu zake za kumwaga mafuta. Gari inahesabu muda wa kufungua injekta kwa kujua ukubwa wake, ukiweka ya 550 yenyewe inajua bado ni 440, kila inapofungua inazidisha robo nzima. Mafuta yanaosha oili kwenye silinda, plagi zinakuwa nyeusi tititi, inasimama vibaya, na oili inanuka petroli. Wanarudi dukani wanasema injekta mbovu, kumbe si mbovu.

Jengine, za mtumba zipelekwe kwanza kwa mwenye ile mashine ya kuzipima kwenye vichupa vya kioo, zote nne ziwashwe pamoja. Nimeona seti moja, tatu zimelingana na ya nne iko chini kidole kizima kwenye kichupa. Silinda ile moja ndo ingekufa, na sensa ya oksijeni isingesema kitu kwa sababu inasoma wastani wa zote.

Pampu za 255 zipo halisi na zipo za kuigiza, boksi zinafanana sana. Usinunue kwa mtu ambaye hakubali uirudishe. Na kabla ya pampu badilisha filta na kile kichujio cha wavu kilichoko chini ya pampu ndani ya tanki, tanki za huku zina unyevu na uchafu, nishaviona vimekuwa kama tope la pwani. Na mtindo wa kutia mafuta ya elfu kumi elfu kumi taa imewaka kutwa uacheni, pampu inapozwa na petroli iliyoizunguka, tanki ikiwa tupu inajipika.

bububu_ej20

Dada kasema kweli tupu. Na umeme pia, nimesahau. Subaru nyingi za tabo za miaka ile zina kiboksi kinachoipunguzia pampu umeme gari ikiwa imesimama halafu kinafungulia wote ukikanyaga. Kwa hiyo volti pima wakati gari iko kwenye mzigo, ukipima imesimama utadanganyika.

sg5_fuoni

Nimerudi na majibu, samahanini nimechelewa wiki mbili.

Busti niliirudisha siku ileile kidude nimekitoa kabisa. Geji ya mafuta nimeazima, tukaenda alfajiri na mdogo wangu barabara ya nyuma huku kwetu haina mtu. Imesimama na mpira umechomolewa presha 3.0 safi kabisa, nikasema basi pampu nzima. Gia ya pili, busti 0.9, mdogo wangu anasoma kwa sauti, tatu na nusu, tatu na nne, tatu na nne. Haipandi tena! Yaani tofauti ni 2.5 ileile aliyosema fundi, na hii ni busti ya KIWANDANI. Kwa hiyo hata kabla sijafunga kidude gari ilikuwa inanyimwa mafuta na mie sina habari. Nikikumbuka zile 1.2 za mwezi mzima mwili unanisisimka.

Mpira wa regyuleta mzima. Filta nikabadilisha, ikapanda mpaka 3.5 tu. Wavu ulikuwa mchafu kiasi. Basi nikavuta waya mrefu kutoka kwenye pampu nikapima volti gari ikiwa kwenye mzigo, pampu inapata 10.9 na betri pale mbele inasoma 13.8. Karibu volti 3 zinapotelea njiani. Tukanyanyua siti ya nyuma tukafuata waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, pale unapofungwa kwenye bodi bolti imekuwa kijani yote, ukiigusa inatoka unga. Nyumba yetu haiko mbali na bahari na gari inalala nje. Nikapiga msasa mpaka bati likang'aa, bolti mpya, grisi juu yake, na waya wa umeme nikavuta mwengine mnene moja kwa moja kutoka betri wenye rilei na fyuzi yake.

Sasa volti 13.3. Presha 3.9 kwenye busti 0.9 na inakaa hapo mpaka rpm 6000. Juu haikosi pumzi tena, na wallahi gari ina nguvu kuliko ilivyokuwa na 1.2. Kompresheni nimepima zote nne zinakaribiana, alhamdulillah.

Plagi kwa aliyeniambia plagi, zilikuwa nzima.

fundi_wa_chake

Maashaallah kazi nzuri. Bolti ya athi itazame tena kila baada ya miezi mitatu, chumvi hairidhiki. Ukitaka busti baadaye anza na geji ya waidibendi uione hewa kwa mafuta yako, halafu mtu wa mapu, halafu ndo tuzungumze pampu na injekta kwa pamoja.

sg5_fuoni

Sawa mwalimu. Kidude kiko kabatini, kama kuna mwenye waidibendi ya kubadilishana aniandikie.