Maji, sabuni ya kipande, jeli au vitambaa vyenye unyevu: kipi salama kwa usafi wa uke?

Kipepeo
Wapendwa, tulinganishe hivi vinne kwa mtu mwenye ngozi inayowashwa haraka: maji matupu, sabuni ya kuogea ya kipande, jeli za usafi wa mwanamke, na vile vitambaa vyenye unyevu. Vigezo: kisiwashe, kisikaushe, kisivuruge asidi ya uke. Na jeli ikiandikwa "pH 5.5" nielewe nini?

Mkunga_wa_Zamu
Kabla ya kulinganisha, dada, tutenganishe sehemu mbili. Mashavu na mikunjo ya nje ni ngozi, hukusanya jasho na mafuta, kwa hiyo huoshwa. Uke wenyewe, ile njia ya ndani, hauoshwi kwa chochote, hata maji. Bakteria walinzi waitwao laktobasili hutengeneza asidi ya laktiki na kuiweka pH ya ndani (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) kati ya 3.8 na 4.5 kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa.

Sabuni ya kipande ya kawaida ina pH ya 9 hadi 10. Kila hatua moja ya kipimo hiki hubadilisha asidi mara 10, kwa hiyo kutoka 4.5 hadi 9.5 asidi imepungua mara 100,000. Ndiyo maana ngozi hukakamaa na kuchonyota. Ile 5.5 inaendana na ngozi ya mwili, basi nje haina neno. Si ruhusa ya kuiingiza ndani.

Msoma_Lebo
Mimi naangalia nyuma ya chupa, mbele ni mapambo. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, na vile vinavyoingia chini ya asilimia 1 hufuata mwishoni bila mpangilio. Huko mwishoni ndiko yanakojificha manukato, "parfum" au "fragrance". Usidanganyike na udogo wake, tone tu linatosha kumwasha mwenye mzio.

Kiosheo chenye "coco-glucoside" au "sodium cocoyl isethionate" ni kipole. "Sodium lauryl sulfate" hukausha. Kwenye vitambaa chunga "methylisothiazolinone": Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2017 katika vipodozi visivyosuuzwa kwa sababu ya mzio. Kitambaa nacho hakisuuzwi, unafuta na dawa inabaki kwenye ngozi. Kwangu vitambaa ni vya safari tu, visivyo na harufu, na maji yakipatikana unasuuza.

Chui_Jike
Jeli yote hiyo ya nini? Maji yanatosha. Watu wanauziwa aibu ndani ya chupa ya waridi.

Mkunga_wa_Zamu
Kwa wengi yanatosha, sikupingi. Ila maji peke yake hayang'oi mafuta ya krimu wala jasho lililogandia kwenye mikunjo baada ya mazoezi. Anayetaka jeli afanye hivi: anawe mikono, alowanishe kwa maji ya uvuguvugu, achukue jeli kiasi cha harage moja, apitishe kwa vidole katikati ya mikunjo ya nje. Dodoki hapana, linachubua. Asuuze mpaka utelezi uishe, maana mabaki ya jeli yakikauka kwenye mkunjo huwasha kuliko jasho lenyewe. Akaushe kwa kugusisha taulo bila kusugua. Mara 1 kwa siku, 2 siku za hedhi. Njia ya haja kubwa huoshwa mwisho, mkono ukienda nyuma.

Jeli mpya ijaribiwe kwanza upande wa ndani wa kigasha, mara 2 kwa siku kwa wiki moja. Ngozi ikiwa nyekundu au ikiwasha, isifike chini.

Kipepeo
Na zile chupa za kusukutua ndani baada ya hedhi? Wengine wanataja siki na limau.

Mkunga_wa_Zamu
Hapana kwa zote. Damu ina pH ya takriban 7.4, kwa hiyo asidi hupungua siku za hedhi kisha hurudi yenyewe. Kusukutua kunawafagia laktobasili, na kumehusishwa na bakteria kuzidi ukeni na maambukizi ya nyonga. Limau nalo linaunguza utando tu.

Harufu ya samaki na ute wa kijivu mwepesi, hapo dhania bakteria, na dawa yake ni kama metronidazo. Ute mzito kama maziwa ya mgando pamoja na kuwashwa, dhania fangasi. Wa manjano au kijani wenye povu, dhania trikomona, kimelea cha zinaa, na mwenzi naye hutibiwa. Hakuna jeli inayotibu hata kimoja, na dawa ya fangasi haigusi hivyo vingine viwili. Kapimwe kwanza.

Zawadi77
Niongeze vya hedhi. Pedi zisiwe na manukato, badili kila saa 4 hadi 6, mapema zaidi ikilowa. Tamponi isipite saa 8, na chagua ya unyonyaji mdogo unaokutosha, kwa sababu ya ule ugonjwa wa sumu ya bakteria unaoanza na homa ya ghafla, kutapika na vipele. Kikombe cha hedhi hadi saa 12. Kinavuja? Mara nyingi hakijafunguka: kizungushe, pitisha kidole kwenye kitako, ukisikia mkunjo bado upo kitoe ukiingize upya. Wakati wa kukitoa minya kitako kwanza hewa iingie, usivute mkia tu, hasa mwenye kitanzi cha uzazi, maana kitanzi kinaweza kung'oka nacho.

Msoma_Lebo
Poda pia iachwe. Mwaka 2024 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka talki, madini ya kutengenezea poda, kwenye kundi la 2A, yaani huenda inasababisha saratani.

Chui_Jike
Na aliyekoma hedhi?

Mkunga_wa_Zamu
Estrojeni, homoni ya kike, ikishuka, pH ya ndani hupanda, mara nyingi kupita 5, na ngozi ya nje hukonda. Huyo apunguze hata jeli, maji yanamfaa zaidi. Ukavu ukimsumbua aulizie krimu ya estrojeni ya ukeni kwa daktari. Kuosha zaidi kutamwongezea ukavu.