Baba yuko kwenye mionzi ya tezi dume, ami kaleta chupa tatu. Nimpe?

Kijana wa Wete: Assalaam alaykum. Baba ana miaka 71, saratani imeshatoka nje ya tezi. Anachomwa sindano za homoni, na sasa tuko Dar, Ocean Road, leo kamaliza siku ya 12 ya mionzi. Tokea juzi tumbo linamwendesha, mkojo unamchoma, sahani anaisukuma. Ami kavuka kutoka Pemba na mafuta ya habasoda, unga wa mlonge na vidonge vya vitamini E. Nauli yetu katoa yeye, kumkatalia naona haya. Nakuombeni ushauri.

Bi Mkubwa Ng'ambo: Wa alaykum salaam mwanangu, poleni. Mume wangu kapita huko huko. Maharage, choroko na kabichi niliviweka kando mpaka mionzi ilipokwisha, maana vinaendesha na kujaza gesi. Nikampikia wali mweupe, uji wa mchele, changu wa kuchemsha, yai, ndizi mbivu. Tui zito halikumfaa. Pilipili, achari na kahawa nilivikata, vinamchoma mtu akikojoa. Mpe kidogo kidogo, hata mara sita kwa siku. Na maji anywe! Wangu aliogopa kunywa kwa ule uchungu, mkojo ukazidi kuwa mkali.

Nesi wa Chake: Kaka, vitamini E usimpe kabla daktari hajasema. Mionzi huvunja vinasaba vya seli za saratani, na sehemu ya kazi hiyo hufanywa na kemikali kali zinazozuka ndani ya seli. Vidonge vya vitamini E au C vya kipimo kikubwa huzizima kemikali hizo, kwa hiyo vinaweza kuikinga saratani yenyewe. Tena utafiti wa wanaume zaidi ya 35,000, uliotolewa matokeo mwaka 2011, ulikuta waliomeza uniti 400 za vitamini E kila siku walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi. Vitamini za kwenye samaki na matunda hazina tabu, ninayoyasema ni ya vidonge.

Kalsiamu na vitamini D ni habari nyengine: sindano za homoni hudhoofisha mifupa, muulizeni daktari kipimo. Kuendesha nako mwambieni kesho, ipo dawa. Akitoa damu, akipata homa au mkojo ukiziba, mpelekeni saa hiyo hiyo.

Abuu Mkoani: Ami usimkatalie, ndugu yangu. Tia chupa zote mfukoni, nenda naye kwa daktari, aulize kwa mdomo wake. Sisi tulimkatalia ammati kwa ukali, baba akawa anakunywa dawa zake kwa kificho. Chupa tuliikuta chini ya mto, wiki ya tano.

Kijana wa Wete: Ahsanteni sana, Allah akulipeni. Ami kakubali, kesho asubuhi tunakwenda naye, chupa kazifunga mwenyewe kwenye leso. Usiku huu baba kala bakuli zima la uji na nusu ya changu.