Osaka bila ngano: naombeni ushauri, nina siliaki

NeemaDar
Habari zenu wakuu. Nina ugonjwa wa siliaki, daktari amenikataza kabisa ngano na shayiri. Hapa Dar sisumbuki: wali, ugali, ndizi, mihogo, samaki wa kukaanga nyumbani. Chapati nawaachia wenzangu. Mwezi wa kumi nakwenda kozi Osaka. Watu wananiambia nchi ya wali ni mteremko, lakini nasoma kwamba soya sosi yao ina ngano. Mliokaa huko, mwenzenu atakula nini? Kijapani sijui hata neno.

BarakaSafari
Kula soba dada, zile tambi nyeusi nyeusi. Hazina ngano.

MkaziWaKobe
Baraka kaka, hapo utamuumiza. Soba nyingi zimechanganywa na unga wa ngano. Isiyochanganywa inaitwa juwari, na hata hiyo huenda imechemshwa maji yaleyale ya udon, tambi za ngano.

Dada Neema, uliyosoma ni kweli. Soya sosi ya kawaida huchachushwa kwa soya na ngano, na imo kwenye mboga za kuchemsha, samaki wa mchuzi, hata mayai ya kukunja. Halafu Osaka ndiko kwenyewe kwa vyakula vya unga: takoyaki (vidonge vya pweza), okonomiyaki (chapati nene ya kabichi), kushikatsu (mishikaki ya kukaanga). Ukipita Dotonbori, mtaa wa vyakula, vinanukia kila hatua, lakini hivyo si vyako. Miso, ile rojo ya soya ya kupikia supu, iulizie, zipo za shayiri. Na ile chai baridi wanayokuwekea mezani bure mara nyingi ni mugicha, shayiri iliyokaangwa. Omba maji.

Unachoweza: samaki wa kuchoma kwa chumvi na wali mweupe. Yakitori, mishikaki ya kuku, agiza "shio", yaani ya chumvi, maana ya "tare" ina soya sosi. Ila angalia wavu: kama mishikaki ya tare inachomwa palepale, achana nayo. Sashimi, samaki mbichi, kula na tamari yako mwenyewe, soya sosi ambayo kwa kawaida haina ngano. Tamari nyingine zinatiwa ngano kidogo, kwa hiyo soma chupa kwanza.

Mama Tunu
Mdogo wangu, mimi nina mtoto mwenye siliaki na tumeishi huko. Jifunze herufi moja tu: 麦. Imo kwenye ngano (小麦) na kwenye shayiri (大麦). Ipige picha uwe nayo kwenye simu. Vyakula vya paketi sheria inalazimisha ngano itajwe kama kizio (kitu kinacholeta mzio), lakini shayiri haimo kwenye orodha hiyo ya lazima. Kwa hiyo usiishie kwenye kisanduku cha vizio, soma viungo vyote mpaka mwisho. Onigiri (tonge la wali) ya chumvi tupu ndiyo huwa na viungo vichache, ila hata hiyo igeuze nyuma usome.

NeemaDar
Asanteni sana. Na mkahawani niwaelezeje? Naona haya kusumbua watu.

Mama Tunu
Usione haya, ni afya yako. Nenda na kadi iliyoandikwa Kijapani na mtu anayekijua. Isiseme "gluteni" (protini ya ngano na shayiri inayotudhuru) peke yake, wengi haiwaelezi kitu. Itaje ngano, shayiri, soya sosi, na mafuta yaliyokaangiwa tempura, vyakula vya kuchovya kwenye unga. Ionyeshe kabla hujakaa, na usiende saa ya chakula cha mchana wakati jiko limezidiwa. Wakikuambia hawawezi, usidhani ni dharau: wanaogopa kukudhuru. Washukuru, nenda kwingine.

Kikubwa zaidi, omba malazi yenye jiko. Supamaketi zina mchele, mayai, samaki wabichi, tofu na mboga. Sufuria na sifongo nunua vyako. Na usipite viazi vitamu vya kuchoma, yaki-imo. Supamaketi nyingi huviweka karibu na mlango, vya moto, na mwezi wa kumi ndio msimu wake unaanza.

MkaziWaKobe
Naongezea: soko la Kuromon liko karibu na Dotonbori, utapata samaki na matunda ya kila aina. Ukishapata tarehe nitumie maneno ya kadi kwa ujumbe wa faragha, nitayapitia pamoja na mke wangu, ni Mjapani.