Mafundi pikipiki wa Dodoma, nunueni mita ya kupimia umeme! Mnabahatisha kwa hela zetu

Wakuu salaam. Leo naandika nikiwa na hasira, anayetaka uzi wa kubembelezana apite tu.

Nina Honda CG 125 ya zamani, ya kiki, volti 12, yenye CDI (kile kisanduku cha umeme kinachofanya plagi itoe moto). Injini yake mnaijua hata kama hamjawahi kuimiliki, maana bodaboda nyingi za Kichina zimenakili hiyo hiyo. Kwa hiyo fundi asiniambie "hii mashine ngeni". Naitumia kutoka Nkuhungu kwenda Hombolo kwenye zabibu zangu, na barabara ya huko mnaijua kiangazi kikishika: vumbi mpaka kwenye meno.

Ikaanza kusumbua. Ikishakwenda mwendo, mara nyingi nikiwa nimeipita Ihumwa, inamisi, inasitasita, inazima. Nikikaa kivulini kidogo nikapiga kiki, inawaka vizuri kabisa, unaweza kuapa haina tatizo. Na hapo hapo ikawa haichaji. Honi inakoroma, indiketa zinawaka na kuganda, na usiku nikivuta resi ndefu balbu ya mbele inaungua. Nimenunua balbu mpaka muuza spea anaanza kuzitoa kabla sijasema.

Fundi wa kwanza (kijiwe chake sikitaji) hakufungua kitu. Aliisikiliza, akatikisa kichwa kama daktari bingwa. "Mzee wangu, betri imekufa hii. Ndiyo maana inakuzimia njiani." Nikanunua betri mpya. Ile ya zamani akabaki nayo, eti ataitupa yeye. Safari iliyofuata ikazima pale pale.

Sasa nyie mnaoendesha hizi pikipiki nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapigwa. Kwenye CG kama yangu CDI haili umeme wa betri. Ina koili yake (waya uliosokotwa unaozalisha umeme) ndani ya magneti, ile sumaku inayozungushwa na injini, inajilisha yenyewe injini ikizunguka. Betri ni ya honi, indiketa na vitu kama hivyo. Ukitaka kuhakikisha, zima injini, toa betri, funga ncha za waya kwa selotepu zisiguse chochote, taa ziwe zimezimwa, piga kiki. Ikiwaka na kuunguruma sawasawa, basi kesi ya betri kuzima injini imefutwa. Ila msiitoe betri injini ikiwa inaunguruma, mtaunguza vitu. Kipimo hiki hakina gharama hata ya shilingi moja. Fundi hakukifanya.

Wa pili akaja na CDI. Akaninunulisha nyingine, umbo lile lile, ikagoma kuwaka kabisa. Kwa nini? Kwa sababu CDI ziko za aina mbili: inayolishwa na koili ya magneti, na inayolishwa na betri. Kwa macho zinaweza kufanana. Ndani ni vitu tofauti. Yeye alichukua ya betri akaichomeka kwenye pikipiki ya magneti, halafu akakaa anashangaa. Akanirudishia ya zamani, ikawaka. Hela ya CDI? "Duka halirudishi, mzee." Kwa hiyo ujinga ni wako, bili ni yangu?

Huyo huyo akahamia kwenye kabureta. Kusafisha kabureta sina ugomvi nako, kwa vumbi la huku ni lazima. Lakini nilimwona kwa macho yangu anachokonoa jeti, kile kipande chenye tundu dogo la kupitishia petroli, kwa waya wa chuma. Jamani! Jeti ni shaba laini, na tundu lake limepimwa kiwandani. Ukilikwangua linapanuka, mafuta yanapita zaidi ya kipimo. Tangu siku hiyo pikipiki ikawa inatoa moshi mweusi, plagi ina masizi, na inakunywa petroli kuliko ilivyowahi kunywa. Kwa hiyo nilipeleka pikipiki yenye magonjwa mawili nikarudi nayo ikiwa na matatu. Jeti mpya nimenunua mwenyewe, nimeweka na plagi mpya, uwazi 0.6 hadi 0.7 mm kama inavyotakiwa, moshi ukaisha.

Kuna mwingine aliniambia ni mwinuko wa Dodoma. Kweli tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ikiwa nyepesi mchanganyiko unazidi mafuta kidogo. Lakini pikipiki hii imezeekea hapa hapa. Dodoma haijapanda mwaka huu.

Sasa aibu yenyewe. Aliyeniokoa ni kijana wa mtaani kwetu anayetengeneza redio na TV. Hajawahi hata kumwaga oili ya pikipiki. Alikuja na mita yake ya dijitali, zile za bei ndogo kuliko betri moja ya pikipiki, akasema, "Anko, mimi sijui pikipiki, ila umeme ni umeme."

Akapima betri injini ikiwa imezimwa, volti 12.5. Akaniambia niwashe na kuvuta resi. Hapo mita ilitakiwa ipande, kwenye 13.5 mpaka 14.5 hivi. Haikupanda. Akachomoa soketi ya koili za magneti, akapima umeme unaotoka pale: unapanda kadiri ninavyoongeza resi. Maana yake koili nzima. (Wa pili alishaniandikia koili mpya kwenye karatasi, na regyuleta (kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji na wa taa), na "waya kiasi".) Akahamisha mita. Ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa kijani wa regyuleta, ambao ndio hasi yake, taa zinawaka, injini inaunguruma. Kama waya wa hasi ni mzima, pale inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikasoma zaidi ya volti moja, inachezacheza.

Tukafuata waya wa kijani mpaka mwisho. Umefungwa kwa bolti kwenye fremu, na chini ya bolti kuna rangi. Rangi nzuri, nyeusi, inang'aa. Kuna gereji niliipelekea fremu ikapakwe rangi kabla haya yote hayajaanza, na yule bwana alipomaliza alirudisha bolti ya hasi juu ya rangi mbichi bila kukwangua. Rangi haipitishi umeme! Regyuleta ikakosa hasi ya uhakika, ndiyo maana betri haichaji na balbu zinaungua kwa mpigo mmoja: hakuna kinachouzuia umeme wa taa usipande resi ikiwa juu. Msasa, bolti ikakazwa, grisi kidogo juu yake. Mita ikasoma 14.1. Balbu haijaungua tena.

Na nilipofungua zile waya nikakuta mmoja wao alikuwa ameunganisha waya mweusi kwenye bodi, kisha akaukata na kuuacha unaning'inia, nadhani baada ya fyuzi kumlipukia. Kaka, kwenye Honda hasi ni kijani. Mweusi ni chanya inayotoka kwenye swichi. Kwenye Yamaha ndiyo mweusi huwa hasi. Kama hujui, mita ingekwambia kwa sekunde tatu. Maungio yenyewe yamesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa selotepu iliyoyeyuka kwa joto la injini, hakuna hata risasi ya kuchomelea.

Bado kuzima njiani. Kwenye hili nilichoka kubishana na watu, maana kila mmoja ana "koili ikipata joto inakata". Inawezekana, koili mbovu hufanya hivyo kweli. Lakini unathibitisha vipi? Pikipiki ikizima, hapo hapo, kabla haijapoa, chomoa plagi, iegemeze kwenye injini mbali na tundu lake, piga kiki uangalie moto. Nilifanya hivyo pembeni ya barabara, malori yananipitia: moto upo, mkali, wa bluu. Basi sio umeme. Nikalegeza skrubu ya kumwagia mafuta chini ya bakuli la kabureta. Petroli ikatoka kidogo, ikakata. Tenki lina mafuta, koki iko wazi, na hayashuki. Nikafungua kifuniko cha tenki, kikavuta pumzi "fyuuu", na petroli ikaanza kutiririka.

Tundu la hewa la kifuniko. Limezibwa na vumbi la Hombolo. Mafuta yakishuka hewa haiingii, tenki linavuta, kabureta inakauka, injini inazima. Ukipumzika hewa inapenya polepole, inawaka. Nililizibua kwa sindano na pumzi ya mdomo. Betri, CDI, jeti, siku za kazi zilizopotea, dawa ya zabibu iliyochelewa kupigwa, kumbe sindano!

Sisemi mafundi wote ni wezi. Wengi ni vijana wanaohangaika, hawana vifaa, na wateja wenyewe tunataka pikipiki itoke ndani ya nusu saa. Lakini wewe unayelipwa kila siku hapo kijiweni, una spana za kila namba na spika ya muziki inayosikika mpaka Majengo, unakosaje mita? Na kwa nini hela ya kubahatisha itoke mfukoni mwangu? Ukisema CDI imekufa, nionyeshe. Ukisema koili, pima mbele yangu nione namba. Kifaa kikibadilishwa na tatizo likabaki, kirudi dukani kwa gharama yako. Mimi kuanzia sasa nikimkuta fundi hana mita, nageuza.

Wakuu wa Kizota, Chang'ombe, Area C, kama yupo fundi anayepima kabla ya kufungua, mtajeni hapa chini tumpelekee kazi.

Na yule wa betri, najua unapita humu. Kijana wa redio anasema betri yangu ya zamani huenda haikuwa na kosa lolote, ilikosa chaji tu. Nakuja kuichukua Jumamosi asubuhi. Usiniambie umeitupa, nimeiona kwenye pikipiki ya mdogo wako.