Maua ya porini kabla ya mvua na wadudu wake, Lubumbashi na kandokando: tupeane uzoefu

Mtoto wa Katuba
Jambo wandugu. Mwezi wa kumi umefika, joto limetushika, pori limeungua, na juu ya majivu maua yameshatoka kabla hata tone la mvua halijaanguka. Vile vimea vifupi vyenye mizizi minene chini ya ardhi, moto unapita juu, vyenyewe vinachanua. Watu wa makala, yaani makaa ya kupikia, wanavikanyaga bila kuviangalia. Jana nimeona mtoto mmoja akimfuata nyuki kutoka ua hadi ua, roho yangu ikafurahi sana. Kila mtu aseme alichokiona kwa macho yake: ua gani, mdudu gani, wapi.

Mama Kampemba
Kwangu hakuna kama jacaranda. Barabara nzima zambarau, chini na juu, na nyuki wamejaa.

Papa Likasi
Mama, kwa heshima yako, jacaranda si ua la kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, hapa ulipandwa tu kando ya barabara. Mwenzetu ameuliza maua ya porini.

Mama Kampemba
Nyuki hamuulizi mtu karatasi, papa. Akipata utamu anakunywa.

Papa Likasi
Nyuki wa asali, sawa, yeye anakula popote. Lakini mvua zikikaribia kuisha, kaa karibu na marejea, ile Crotalaria ya maua ya njano ambayo maganda yake yakikauka yanalia njuga. Nyuki mdogo anatua, anahangaika, mara nyingi anaondoka bure. Akija yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa, uzito wake unashusha petali za chini, ncha ya ua inachomoza na kumpaka chavua tumboni. Akiruka, ua linajifunga. Nenda kaangalie, mama, halafu urudi tuzungumze jacaranda. Na huku Katanga tuna marejea moja, Crotalaria cobalticola, inayoota kwenye udongo wenye kobalti tu.

Kamalondo
Mmesahau ua la shaba! Haumaniastrum katangense. Wazee walijua: likiota kwa wingi mahali, chini kuna shaba, au zamani watu waliyeyusha shaba pale. Nalo ni la mwisho wa mvua.

Mwana Ruashi
Kweli kabisa.

Yaya wa Kenya
Mnazungumza vizuri, ila mmenigusa pabaya. Tulikwenda upande wa Kipushi, mimi, mdogo wangu na marafiki, kuona miti ya Brachystegia ikichanua. Maua yake ni madogo, hayana rangi ya kumwita mtu. Unayajua kwa sikio: unasimama chini, mti mzima unavuma. Tulikuwa tumetulia, tumeinua vichwa, vile vinyuki vidogo visivyodunga vinatutambaa machoni kunywa jasho. Ng'ambo kidogo mtu alikuwa anakata mti wa makala. Hatukujua, na naamini naye hakujua, kwamba ndani ya ule mti mlikuwa na mzinga. Mti ukaanguka. Mvumo ukabadilika, ukawa mkali. Nikasikia harufu ya ndizi mbivu porini, mahali pasipo na hata mgomba mmoja. Halafu nikadungwa kwenye kope.

Walituingia kwenye nywele, mimi nilikuwa nimesuka, walinaswa mle wakilia na kudunga. Mdogo wangu alianguka, nikamvuta kwa shati. Tulikimbia hadi nyumba ya kwanza. Mama mmoja, Mungu ambariki, akatusukuma ndani, akatufunika mablanketi na kuwasha majani mabichi mlangoni. Mdogo wangu alitapika, uso ukavimba, macho yakafunga, pumzi ikaanza kukatika. Kituo cha afya cha karibu hakikuwa na sindano. Tukampakia kwenye pikipiki, nimemkumbatia nyuma ili asianguke, hadi mjini. Alipona. Bado anakwenda kuangalia maua kila mwaka, lakini akisikia shoka popote, anasimama.

Mwana Ruashi
Pole sana yaya. Eh!

Mama Kampemba
Nimelia. Na huyo mkata miti?

Yaya wa Kenya
Alikimbilia upande mwingine, naye alidungwa vibaya.

Kamalondo
Ukifukuzwa ruka majini.

Papa Likasi
Usiruke! Wanakungoja juu, ukitoa kichwa wanakudunga usoni. Kimbia uingie nyumba au gari, ufunge. Ile harufu ya ndizi inatoka kwenye mwiba, inawaita wenzake. Kwa hiyo ukishakuwa salama toa miiba haraka, kwa ukucha au kwa kisu, usichague.

Mtoto wa Katuba
Nguo nyeusi acheni nyumbani.

Kamalondo
Dawa ya nyuki ni miguu, basi.

Dada Annexe
Mimi nangoja maua ya dembo, yale mabonde ya majani yenye majimaji, mwezi wa pili: okidi kama Disa, Satyrium, na Habenaria nyeupe inayonukia usiku. Nilikaa na tochi hadi nondo akafika, akanyoosha ulimi mrefu kufikia utamu uliofichwa kwenye mrija mwembamba nyuma ya ua. Mwaka uliofuata nilikuta mashimo tu. Wamechimba viazi vyake vyote kwa ajili ya kikanda, kile chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo.

Mama Kampemba
Kikanda usikiguse, dada. Kimesomesha watoto wangu.

Dada Annexe
Sikatazi mtu kula, nami nakipenda, na karanga zake. Ila kiazi kikichimbwa kabla ua halijatoa mbegu, mwakani utauza nini?

Mama Kampemba
Wanaouza sokoni si wanaochimba. Waambie wale wanaokileta kutoka mbali.

Papa Likasi
Nani ana mahali pa dembo ambapo bado hapajachimbwa? Asiandike hapa, aniambie pembeni.