Tupeane uzoefu: mtoto mdogo mnamfundishaje kukadiria urefu?

Mwalimu wa la kwanza, Kongwa
Wadau, habari za jioni. Tuko kwenye kupima urefu. Rula ninazo mbili kwa darasa zima, kwa hiyo watoto wanatumia mabua ya mtama, visoda na njiti za kiberiti. Kupima wanapima vizuri tu. Kukadiria ndiko kunakonishinda. Nikiuliza dawati lina visoda vingapi, mmoja anasema mia, mwingine ananyamaza mpaka mwenzake aseme. Wanaogopa kukosea na inaniuma. Nyie mliwavushaje hapo?

Fundi cherehani, Majengo
Pole, mwalimu. Binti yangu ana miaka sita, akitoka shule anashinda kwangu kibandani. Kabla sijashika futikamba namwuliza, "Kitenge hiki shubiri ngapi?" Siku moja akakisia kumi, akapima akapata kumi na mbili. Nikapima mimi, nane. Akaninyang'anya kitambaa akarudia toka mwanzo, akijua nimeruka mahali. Ikabidi tubandike kiganja kwa kiganja, kidole gumba chake juu ya changu. Akakaa kimya anaangalia vidole vyangu vilivyozidi. Sasa nikimwuliza shubiri ngapi, na yeye ananiuliza, "Za nani?"

Mwalimu wa awali, Chamwino
Mwalimu mwenzangu, usiwadai namba kwanza. Uliza, "Vitazidi kumi au vitapungua?" Hapo hata mwoga anajibu. Kisha panga visoda kumi, simama, waone vimefika wapi kwenye dawati, halafu waruhusu wabadilishe makisio. Kubadilisha siyo kukosea, waambie hivyo kwa maneno.

Na chunguza mikono yao. Nilikuwa na mtoto kila akipima benchi anapata jibu jipya. Nilipochuchumaa ubavuni kwake nikaona visoda vyake vingine vimepandana, vingine vimeachana kidole kizima. Nikamwambia vishikane kama ndoo kwenye foleni ya bomba. Alielewa papo hapo.

Baba wa watatu, Kibaigwa
Kwangu ni shambani. Alizeti tunapanda sm 75 mstari kwa mstari, sm 30 shimo kwa shimo. Nilimkatia kijana kijiti cha sm 30, sawa na rula yake ya shule. Mistari miwili anapima, wa tatu anakadiria kwa macho, kisha anarudi na kijiti kujihakiki.

Babu, Mpwapwa
Wanangu, sisi tulikuzwa na hesabu hii: shubiri mbili ni mkono mmoja, mikono minne ni pima moja. Wajukuu nimewafundisha chini ya mbuyu. Kila mmoja alikisia watoto wangapi wakishikana mikono wataumaliza, akachora vijistari vyake mchangani. Mdogo alichora vitatu. Wakaenda saba. Tulipofika kwenye mbuyu mwingine hakukurupuka. Aliutazama, akageuka kuutazama ule wa kwanza, akasema, "Huu watano." Wakashikana watano, vidole vya mwisho vikakaribia kugusana. Kinachotakiwa ni hicho, awe na mbuyu wa kwanza kichwani.

Mwalimu wa la kwanza, Kongwa
Shikamoo babu, na asanteni wote. Leo nimeanza na "vitazidi au vitapungua?" Yule anayesubiri wenzake amesema "vitazidi" kabla ya mtu yeyote. Dawati likala visoda arobaini na tatu. Kesho nawatoa nje, pale uwanjani tuna mbuyu.